Mtumba wa Jana na Mtumba wa Leo

Neno utandawazi lilianza kuzoeleka masikioni mwetu katika miaka ya 1990, na kila aliyelitamka alilitamka kwa namna yake. Wafanyabiashara walilitamka kwa furaha, wasomi kwa mashaka, na viongozi kwa tahadhari. Mzee Benjamin Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu, alilizungumzia mara nyingi, na kati ya mwaka 2002 na 2004 yeye pamoja na Rais Tarja Halonen wa Finland waliongoza tume iliyoundwa na Shirika la Kazi Duniani ili kuchunguza athari za utandawazi katika jamii. Sisi walimu tulilipokea neno hilo katika masomo ya uraia na historia, tukawaeleza wanafunzi kwamba maana yake ni dunia kuwa kijiji kimoja.

Maelezo hayo si mabaya, ila hayatoshi. Kila kijiji nilichopata kuishi katika kazi yangu ya ualimu kilikuwa na mwenye shamba na kibarua wake, mwenye duka na mkopaji wake. Kwa hiyo kusema kwamba dunia imekuwa kijiji hakumwambii mtoto wa Kitanzania yeye anakaa upande gani wa kijiji hicho. Kadhalika, maelezo hayo humfanya adhani kwamba mambo haya yameanza juzi, yalipokuja matangazo ya televisheni na simu za mkononi. La hasha. Yameanza zamani sana, na kwa bahati njema tunaweza kuyafuatilia kwa kutazama kitu kimoja ambacho kila mmoja wetu anacho, tajiri kwa maskini, nacho ni nguo.

Mimi nilizaliwa Usukumani, katika nyumba ya mkulima wa pamba. Tangu utotoni nilijua kuchambua pamba safi na kuitenga na ile ya daraja la pili tuliyoiita fifi. Hata hivyo shati nililolivaa siku ya kwanza ya shule halikutokana na pamba yetu. Lilitoka ng'ambo, na baba alilinunua kwa fedha ya pamba aliyoiuza katika chama cha ushirika. Pamba yetu ilikwenda ng'ambo, nguo ikarudi kutoka ng'ambo, na katikati ya safari hizo mbili kulikuwa na watu wengi waliokula riziki yao ambao baba hakupata kuwaona. Hilo ndilo somo langu la kwanza la utandawazi, ingawa wakati ule hapakuwa na neno la kuliitia.

Turudi nyuma kidogo. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, wakiongozwa na Neville Chittick, walifukua vigurudumu vingi vidogo vya udongo vilivyokuwa vikitumika kusokotea nyuzi za pamba. Maana yake ni kwamba watu wa Kilwa walisokota na kufuma nguo zao wenyewe karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza kutia nanga. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani yetu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilisafirishwa hadi Misri. Huku bara nako, Wafipa waliendelea kwa muda mrefu kufuma nguo nzito za pamba zilizojulikana kama seketa, na wageni waliopita Unyamwezi katika karne ya 19 walikuta wafumaji wakiwa kazini. Wahaya na majirani zao wa Buganda walivaa nguo zilizotwangwa kutokana na magome ya miti. Asije mtu akakudanganya, ndugu msomaji, kwamba babu zetu walikaa uchi wakimngojea mzungu awavishe.

Ndipo ikaja merikani. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said, na baada ya miaka michache balozi mdogo wa nchi hiyo alikuwa amekwisha fungua ofisi Unguja. Merikebu za mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta kitambaa cheupe kigumu cha pamba ambacho watu wetu, kwa kufuata kilikotoka, walikiita merikani. Kilikuwa imara na cha bei nafuu, kikapendwa mpaka kikageuka kuwa fedha. Bidhaa za misafara zilipimwa kwa nguo: mikono minne ilifanya shuka, mikono minane ikafanya doti, na jora lilikuwa kipande kizima. Pembe za ndovu zilizonunuliwa kwa nguo hizo zilikwenda hadi jimbo la Connecticut kutengenezwa vitana na vibonyezo vya piano.

Sasa tazama jinsi nyuzi hizo zilivyofungamana. Viwanda vya Massachusetts vilitumia pamba iliyolimwa na watumwa wa Kiafrika katika mashamba ya kusini mwa Marekani. Mwafrika aliyeuzwa upande wa magharibi alilima pamba, pamba ikawa merikani, merikani ikaletwa kwa ndugu zake wa upande wa mashariki, nao wakailipia kwa pembe zilizobebwa vichwani na mabegani kwa miguu kutoka Manyema na Unyanyembe hadi Bagamoyo. Na ilipozuka vita ya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, merikani iliadimika Unguja, na nguo za Bombay na Manchester zikachukua nafasi yake. Vita iliyopiganwa mbali kabisa na Tabora ilibadilisha bei ya nguo ya Mnyamwezi. Haya yalitukia zaidi ya miaka 160 iliyopita, wakati hakuna simu wala ndege.

Mzigo wa nguo aliobeba mpagazi uliitwa mtumba. Ukifungua kamusi za zamani za Kiswahili utalikuta neno hilo kwa maana ya furushi au robota, hasa la nguo. Leo mjukuu wa mpagazi yule anasimama sokoni na mtumba mwingine, na tofauti kubwa ni kwamba nguo za babu zilikuwa mpya.

Biashara ile ilikuwa na malipo yake kwa watawala, nayo ni hongo. Siku hizi neno hili tunalitumia kwa maana ya rushwa, lakini wakati ule lilimaanisha ushuru ambao mtemi alimtoza mwenye msafara kwa kupita katika nchi yake na kunywa maji ya visima vyake. Watemi wa Ugogo walisifika kwa hongo kali. Mtemi Mirambo wa Urambo alikwenda mbali zaidi, maana mwaka 1871 aliifunga njia ya Tabora na kupigana na Waarabu waliokuwa huko kwa miaka kadhaa, akitaka biashara ya pembe ipite kwa masharti yake. Nawataja watawala hawa kwa sababu wanatuonyesha kazi ya dola katika utandawazi. Dola haiwezi kuuzuia ulimwengu usipite. Inachoweza ni kusimama njiani na kusema: utapita hapa, kwa kiasi hiki, na utatuachia kitu hiki. Dola isiyoweza kusema maneno hayo huwa imebakiwa na jina na bendera tu.

Wafumaji wetu, kwa upande wao, hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Nguo ya kufuma kwa mkono ilichukua siku nyingi, na merikani ilipatikana dukani siku hiyo hiyo. Polepole vijana waliacha kujifunza kazi hiyo, na ufundi wa karne nyingi ukafa bila tangazo wala matanga. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi mbachao tuliuacha, na kwa kweli sidhani kwamba mama aliyetaka kumfunika mtoto wake alikuwa na muda wa kufikiri juu ya ufundi wa taifa.

Hata hivyo kuna jambo jingine lililotokea katika miaka ile, na ni la kuleta faraja. Wanawake wa Unguja na Mombasa, kuelekea mwisho wa karne ya 19, walichukua vitambaa vya leso vilivyotoka ng'ambo, wakaviunga, wakadai mapambo ya namna waipendayo, na hapo ikazaliwa kanga. Baadaye yakaongezwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha kwa hizi tunazotumia sasa. Kanga imechapishwa Uholanzi, Uingereza, Japani na India. Kitambaa hakikuwa chetu, rangi haikuwa yetu, wala mtambo haukuwa wetu. Lakini fundi wa Ulaya aliyetaka kuuza alilazimika kuchapa alichotaka mwanamke wa pwani, kwa lugha ambayo yeye fundi hakuielewa. Kanga ikawa zawadi ya arusi, mbeleko ya mtoto, kijembe kwa jirani na sitara ya maiti. Mwenye utamaduni ulio hai huweza kukigeuza kitu cha mgeni kikawa chake, mradi anajua anachokitaka. Jambo hili nitalirudia.

Wakoloni walipokuja walituongezea sura nyingine ya somo hili. Wajerumani walihitaji pamba kwa viwanda vyao, wasiitegemee Marekani, hivyo wakawalazimisha watu wa kusini na mashariki mwa nchi kulima mashamba ya pamba kwa malipo yasiyokuwa na maana. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba kama ishara ya kuanza vita. Vita vya Maji Maji viliendelea hadi mwaka 1907, na makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, huanzia watu 75,000 na kufika 300,000. Tunapowafundisha watoto vita hivyo hutaja sana maji na Kinjikitile, tukausahau mche wa pamba. Yafaa tuukumbuke, kwa sababu ndio uliowaunganisha Wamatumbi na viwanda ambavyo hawakuwahi kuviona.

Chini ya Waingereza pamba ilihamia zaidi kwetu Kanda ya Ziwa, na safari hii wakulima walijifunza kujipanga. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya Usukumani na maeneo ya jirani viliungana katika Shirikisho la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mkuu, nalo likakua hadi kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Wakulima wakamiliki viwanda vya kuchambulia pamba. Lakini pamba nyuzi bado ilifungwa marobota ikapelekwa ng'ambo, na bei yake ilipangwa huko huko.

Hapo ndipo tunaweza kuelewa vizuri kwa nini Tanzania huru ililipa uzito suala la viwanda vya nguo. Baada ya Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, dola ilishika njia kuu za uchumi. Mwaka 1968, kwa msaada wa China, kilifunguliwa kiwanda cha Urafiki Dar es Salaam, chenye uwezo wa kuipokea pamba na kuitoa ikiwa kanga na kitenge. Vilikuwapo pia Mwatex Mwanza, Kiltex, Sunguratex, na baadaye Mutex Musoma na vingine. Nilipokuwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuvaa shati lililoshonwa kwa kitambaa cha hapa nchini lilikuwa jambo la kujivunia. Kwa mara ya kwanza pamba iliyotoka shambani kwa baba ilikuwa na uwezekano wa kurudi nyumbani bila kuvuka bahari.

Pamoja na viwanda ulikuja pia mkazo wa utamaduni, na hapa mambo hayakwenda sawasawa. Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kukwangua ngozi vilipigwa marufuku kwa hoja kwamba si utamaduni wetu. Karibu na wakati huo huo Wamasai walishinikizwa waache lubega wavae suruali, kwa hoja kwamba ni taifa la kisasa. Yaani binti wa mjini alikatazwa vazi la Ulaya, na mzee wa Kimasai akalazimishwa kulivaa. Wakati fulani niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuorodhesha majina ya mavazi na asili yake. Tulikuta suruali na kofia ni za Kiarabu, leso ni ya Kireno, shati, koti, gauni, blauzi na soksi ni za Kiingereza. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa sisi tulikuwa tunavaa nini?" Swali zuri. Jibu lake ni kwamba mavazi ya taifa hukua kama lugha yake inavyokua, kwa kupokea na kugeuza, na hayawezi kuamriwa na mgambo mwenye rungu. Leo shuka lile lile la Mmasai lililoonekana aibu ndilo mtalii analolibeba kwenda kwao kama kumbukumbu ya nchi yetu.

Kisha ikaja miaka migumu. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na tukapigana vita na Idi Amin mwaka 1978 hadi 1979. Viwanda vilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri na madawa ya rangi. Nisiwe mpendelevu: vilikosa pia uongozi bora. Ajira zilitolewa kwa kujuana, mitambo haikutunzwa, na vyama vya ushirika vya wakulima vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa baadaye vikiwa dhaifu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 nilifundisha watoto waliokuja shule na sare iliyotiwa viraka juu ya viraka. Doti ya kanga ilitafutwa kwa foleni na kwa kumjua mtu wa duka.

Mwalimu Nyerere alikataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Waziri wake wa Fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu mwaka 1979 kwa kutofautiana naye juu ya jambo hilo, na mwanzoni mwa 1980 Mwalimu alihoji hadharani ni lini shirika hilo lilipewa mamlaka ya kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Hoja yake ilikuwa nzito, lakini hazina ilikuwa tupu. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje waagize bidhaa. Mwaka 1986, chini ya Mzee Ali Hassan Mwinyi, makubaliano na Shirika la Fedha yakatiwa saini. Dola moja, ambayo mwaka 1985 ilikuwa takriban shilingi 17, ilipita shilingi 50 mwisho wa 1986. Leo inazidi shilingi 2,000.

Milango ikafunguka, na nguo zikaingia. Zilizokuwa zikiitwa kafa ulaya, kwa dhihaka ya kwamba mwenyewe amekufa huko, sasa zikaitwa mitumba na kuacha kuwa aibu. Nakiri kwa niaba ya wazazi wengi kwamba zilikuwa neema. Katika shule niliyokuwa nikifundisha nyumba za walimu zilipata mapazia na watoto wakapata masweta ya baridi ya Juni. Akina mama wajane walianza na robota moja wakasomesha watoto. Masoko kama Karume la Ilala, na Gikomba kule Nairobi, yakawa shule za biashara kwa vijana ambao serikali haikuwa na ajira ya kuwapa. Anayeilaani mitumba bila kuyataja haya hasemi kweli yote.

Lakini upande wa pili nao una kweli yake. Wanafunzi wangu kadhaa wa mwanzo walikuwa wameajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo cha Kanda ya Ziwa. Walikuwa na mshahara wa mwezi, kadi ya matibabu na timu ya mpira. Katika miaka ya 1990 kiwanda kilisimama. Waliambiwa waende nyumbani wasubiri kuitwa, na mafao yao yakachelewa miaka mingi. Mmoja wao, fundi hodari wa mashine za kufuma, nilimkuta akiuza suruali za mitumba kando ya barabara. Alinichagulia suruali nzuri, akanipunguzia bei kwa heshima ya ualimu, kisha akageuza pindo la ndani akanionyesha jinsi kitambaa kile kilivyofumwa, uzi gani ulitangulia na upi ulifuata. "Hii tungeweza kuifuma, Mwalimu," akaniambia. Hakulalamika zaidi ya hapo.

Maneno yale yamekaa nami kuliko vitabu vingi. Nchi hupoteza mengi kiwanda kinapofungwa, lakini linalouma zaidi ni ujuzi uliomo mikononi mwa watu. Jengo linaweza kusubiri miaka 20. Fundi hawezi kusubiri, naye akifa bila mwanafunzi, tunarudi pale walipofika wafumaji wa seketa. Ukiona vyaelea vimeundwa, na waundaji hawaokotwi.

Dola nayo ilibadilika. Katika miaka ile ya 1990 wazazi walichangia gharama za elimu kwa kufuata sera za kupunguza matumizi ya serikali, na sisi wakuu wa shule tuliona kwa macho yetu madawati yakibaki matupu. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, katika kipindi kile kile tuliposamehewa sehemu ya madeni ya nje, watoto walifurika darasa la kwanza mwaka 2002 hadi tukafundishia chini ya miembe. Kuingia au kutoingia darasani kwa mtoto wa kijijini kulikuwa kumefungamana na mazungumzo ya madeni yaliyofanyika ng'ambo.

Mfano ulio wazi zaidi ulikuja baadaye, na ulihusu mitumba yenyewe. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa nguo na viatu vya mitumba kwa hatua, ili viwanda vya ndani vipate pumzi. Rwanda iliongeza ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na senti 50 kwa kilo. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondoa nchi zetu katika sheria ya AGOA ya mwaka 2000, iliyoruhusu bidhaa nyingi za nchi teule za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo.

Tafakari jambo hilo, msomaji wangu. Mtemi wa Ugogo wa karne ya 19, mwenye mikuki na visima vichache, aliweza kumwambia mwenye msafara kiasi cha hongo, na msafara ukalipa. Nchi zenye mabunge, majeshi na viti Umoja wa Mataifa zilipotaka kupanga ushuru wa nguo kuukuu, ziliambiwa zihesabu kwanza hasara. Siwacheki viongozi wetu. Waliorudi nyuma walikuwa na ajira za viwanda vinavyouza Marekani za kulinda, na kwa Kenya ajira hizo hazikuwa chache. Ninachosema ni kwamba uhuru wa dola siku hizi hupimwa kwa hesabu: ukisema hapana, utalipa kiasi gani, na je, unacho cha kulipia? Wahenga walikwisha litolea hukumu jambo hili waliposema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Je, tumepoteza utambulisho wetu? Wazee wenzangu wengi husema ndiyo, wakiwatazama vijana na mavazi yao yaliyochanika magotini. Mimi siafiki moja kwa moja. Kijana yule aliyevaa fulana ya timu ya Uingereza anaimba kwa Kiswahili, anatania kwa Kiswahili na kuchumbia kwa Kiswahili. Lugha yetu imetoka ikaenda kwa wengine: UNESCO mwaka 2021 iliipa siku yake, tarehe 7 Julai. Serikali imewahi kuunda kamati za kutafuta vazi la taifa, na hadi leo ukiwauliza Watanzania kumi vazi hilo ni lipi utapata majibu zaidi ya matano. Lakini hakuna mama wa Kitanzania, wa bara au visiwani, asiyejua kazi ya kanga. Ule uwezo wa bibi zetu wa kukigeuza kitu cha mgeni bado tunao.

Hata hivyo uwezo huo una mpaka wake, na hapa ndipo natofautiana na wanaojifariji kupita kiasi. Maneno ya kanga yalikuwa yetu, lakini mshahara wa aliyeichapa ulikwenda Uholanzi. Utamaduni unaweza kuishi juu ya kitambaa cha kigeni, ila hauwezi kumlipa kijana mshahara wala kumfundisha kufuma. Nusu karne na zaidi baada ya shati langu la kwanza, sehemu kubwa ya pamba yetu bado inasafirishwa ikiwa ghafi. Tumeulinda ulimi, tukaupoteza mkono. Taifa linahitaji vyote viwili.

Nini kifanyike? Mimi si mchumi, na sitaki kuwafundisha wenye kazi yao. Lakini miaka yangu ya ualimu inanionyesha mambo matatu. La kwanza, kupiga mitumba marufuku kwa amri, wakati nguo mpya ya hapa nchini haipo au haishikiki bei, ni kumvua maskini nguo aliyonayo kwa ahadi ya nyingine. Kitangulie kiwanda, marufuku ifuate, na pengine haitahitajika. La pili, mazungumzo na mataifa makubwa tuyafanye pamoja kama Jumuiya, maana mwaka 2018 tulijibu kila mmoja kwa mlango wake, na aliyesimama peke yake akaumia peke yake. La tatu, na hili ni la sisi walimu, mafundi wa zamani wa viwanda vile wangali hai, lakini ni wazee. Vyuo vya ufundi viwatafute wakiwa na nguvu ya kushika uzi na kusema, ili vijana wajifunze kutoka mikononi mwao.

Mwanafunzi wangu yule wa suruali amekwisha zeeka, na mikono yake inaanza kutetemeka. Siku itakapofika tukawa na mtambo mpya, na wawekezaji, na umeme wa uhakika, tutaanza kuuliza ni nani anayejua uzi upi hutangulia na upi hufuata. Heri swali hilo tuliulize sasa, angali anaweza kulijibu.